Hadithi Fupi na Watoto Wetu wa Sekondari

Tunauza kuku na kukopa kwa kikundi ili karo ilipwe, halafu kijana anasoma Kiingereza mbio mbio kama redio. Ukimuuliza kimesemwa nini, kimya. Huko si kusoma.

Sisi walimu hupenda kuanza na hadithi fupi, maana haichoshi. Chukua ile ya Grace Ogot, "The Rain Came", iliyo katika kitabu chake cha 1968. Nchi imekauka, na mganga anasema Oganda, binti wa chifu, atolewe kwa zimwi la ziwani ndipo mvua inyeshe. Tunasoma mpaka pale msichana anaposhika njia ya ziwani, tunafunga kitabu. Je, wewe ungekuwa babake? Nini kitafuata, na ni neno gani limekuonyesha? Hapo darasa huamka, hata wale wa nyuma! Neno gumu nalo hatulikimbizi kwa kamusi; kwanza tunaangalia maneno jirani yake.

Nanyi wazazi msiseme eti hamjui Kiingereza. Jioni mwambie akusimulie hadithi hiyo kwa lugha ya nyumbani. Akikwama, mrudishe kitabuni asome tena papo hapo alipokwama.