Somo la Redio: Ua la Usambara Katika Baridi ya Ulaya

Sogeeni karibu na redio. Walio nyuma waje mbele. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu ya leo kwa herufi kubwa: CHUNGU, MZIZI, THELUJI. Tutakutana nayo katika somo.

Nimepata barua kutoka kwa mama mmoja wa darasa la milimani, upande wa Lushoto. Ina mistari sita tu. Mwalimu wake ameniarifu kwamba ndiyo barua yake ya kwanza kuiandika bila kushikwa mkono, nami nimeiweka mezani kwangu. Mama huyu ana binti anayefanya kazi Ujerumani. Binti alikwenda sokoni huko akaona ua dogo katika chungu, lina majani yenye vinyweleo na maua ya rangi ya zambarau, na juu ya kikaratasi chake pameandikwa neno lenye Usambara ndani yake. Akalinunua papo hapo, maana hilo ni jina la kwao. Sasa baridi imeingia. Majani yamepata madoa, na mengine yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Mama anauliza, "Nimwambie nini mwanangu?"

Basi leo tutamjibu pamoja.

Kwanza tulijue ua lenyewe. Asili yake ni milima yetu ya mashariki: Usambara, Nguru, Uluguru, na ng'ambo ya mpaka hata milima ya Taita huko Kenya. Huota juu ya miamba yenye kivuli, karibu na vijito, chini ya miti mikubwa. Mwaka 1892 mtawala mmoja wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani ya Herrenhausen katika mji wa Hannover. Mwaka 1893 Wendland akalipa ua hilo jina la kitaalamu, Saintpaulia, kwa ajili ya ukoo ule. Mkulima wa Kishambaa aliyelipita ua hilo kila siku njiani hakutajwa. Hata hivyo Wajerumani wa kawaida waliliita Usambaraveilchen, na mpaka leo huliita hivyo. Kwa hiyo jina la mlima wetu limo madirishani mwao.

Haya, tazameni ubaoni neno la tatu: THELUJI. Someni pamoja. The-lu-ji. Vema.

Kwetu mimea haina haja ya kuingizwa nyumbani, ila kule kwenye sakitu, kama Makete na Njombe mwezi wa Juni na Julai. Ulaya ni vingine. Maji yaliyomo ndani ya mmea wa nchi ya joto huganda, na jani likigandishwa hufa. Likiyeyuka huwa jeusi. Ndiyo sababu watu wa kaskazini hupanda mimea ya kwetu katika vyungu, ili waihamishe. Wafalme nao walifanya hivyo. Huko Versailles, Ufaransa, yalijengwa majumba ya kuwekea michungwa kati ya mwaka 1684 na 1686. Michungwa hiyo imepandwa katika masanduku, huingizwa ndani mwezi wa Oktoba na kutolewa nje mwezi wa Mei, na kazi hiyo inaendelea hata sasa. Mchungwa wenye mahali pake pa kulala! Wengine wetu hatuna.

(Muziki mfupi.)

Nami niliwahi kushindwa kazi hii. Nilipokuwa nasomea stashahada yangu Uingereza, mama mwenye nyumba alinipa hibiskasi katika chungu, lile ua kubwa jekundu la uani kwetu. Wakati wa kiangazi lilikaa nje. Usiku ulipoanza kushuka chini ya digrii 10 nikaliingiza chumbani, na hapo nilikuwa sawa. Baada ya siku chache majani yakawa ya manjano, yakaanguka moja moja. Nikadhani lina kiu. Nikalimwagia maji asubuhi, nikalimwagia jioni. Kufika Krismasi mti ulikuwa fimbo. Mama mwenye nyumba aliung'oa akanionyesha MZIZI, neno letu la pili: mweusi, laini, unanuka. Aliniambia ua halikufa kwa baridi, nimelizamisha.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu naona binti yetu anafanya kosa lile lile. Mmea hunywa maji kwa kadiri ya mwanga unaopata. Lushoto mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Ujerumani mwezi wa Desemba mchana ni kama saa 8, tena jua lenyewe ni dhaifu na mawingu hulifunika. Mmea haufanyi kazi, basi hauhitaji chakula wala maji mengi. Ukiacha majani machache nao ni kama mtu anayepunguza mizigo kabla ya safari, usiogope, usimmwagie.

Sasa madoa. Ua la Usambara halipendi maji baridi juu ya majani. Maji ya bomba ya huko wakati huo ni kama ya barafu, na yakigusa jani lenye vuguvugu huacha alama ya kahawia isiyotoka. Achote maji usiku, ayaache chumbani mpaka asubuhi. Asiyamwage juu. Ayatie katika kisahani chini ya chungu, asubiri nusu saa hivi udongo unywe, kisha yaliyobaki ayamwage. Asitie tena mpaka aguse udongo kwa kidole akaona umekauka juu. Chungu kiwe na tundu chini. Kisicho na tundu ni kaburi.

Juu ya mahali pa kukiweka: joto la digrii 18 hadi 24 linalifaa, na chini ya 15 linadhoofika. Huko jua hupita upande wa kusini, chini sana, kwa hiyo dirisha la kusini ni jema wakati wa baridi, au la mashariki. Lakini usiku ukingo wa dirisha nyuma ya pazia huwa baridi kupita chumba chenyewe. Majani yasiguse kioo. Tena nyumba za huko zina vyuma vya kupashia joto, na hewa hukauka. Ajaze kokoto katika sahani, atie maji yasifike juu ya kokoto, aweke chungu juu yake. Mbolea asitie mpaka siku zirefuke.

Na kama limekwisha kuoza? Akate jani moja zima pamoja na kikonyo chake, kama urefu wa kiungo cha kidole, achomeke kikonyo katika udongo mwepesi wenye unyevu kidogo. Baada ya miezi miwili mitatu vichipukizi vitatokea penye shina la jani. Hivyo ndivyo watu wengi duniani walivyolipata ua hili, jani kwa jani, kutoka kwa jirani. Huku nyumbani habari si nzuri hivyo: misitu imekatwa, na baadhi ya aina zake za mwituni zimebaki mahali pachache. Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ni mojawapo ya makao yake. Wanaoishi karibu wasiling'oe kwenye miamba kwa kuuza. Likitolewa pale hakuna wa kulirudisha.

Kazi ya juma hili: kila mwanafunzi aandike barua ya mistari minne kwa binti huyo. Mstari mmoja uwe juu ya maji, mmoja juu ya dirisha, miwili mchague wenyewe. Walimu wazikusanye, wasisahihishe kabla ya mwanafunzi kuisoma kwa sauti.

Nawe mama wa Lushoto, ya kwako ndiyo itakayotiwa stempu, basi usimpe mtu mwingine kalamu. Kwaherini mpaka Jumanne.