Nyumba Tunayoitamani

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Tunamshukuru kwa neema zake, na tunamtaka msamaha kwa dhambi zetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi Waislamu, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Siku moja baada ya darasa ya alasiri niliwakuta wanafunzi wangu barazani wakiulizana swali la kujifurahisha: lau kama fedha si kitu, wewe ungechagua nyumba gani katika mji wetu huu wa Unguja? Mmoja akasema angechagua nyumba ya ghorofa kule Shangani, yenye mlango wa nakshi na roshani inayotazama bahari. Wa pili akataka nyumba ya kisasa upande wa Mazizini, yenye bustani na ukuta mrefu. Wa tatu, ambaye wazee wake wanakaa Michenzani katika majumba yale yaliyojengwa miaka ya 1970, akasema yeye hahami, ila angependa ghorofa ya juu kabisa apate upepo.

Ndugu zangu, kutamani nyumba njema si dhambi. Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nahl ametukumbusha kuwa majumba yetu ni neema yake, ametujaalia humo utulivu. Na Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alihesabu nyumba yenye wasaa kuwa ni katika mambo ya furaha ya mtu, pamoja na mke mwema, jirani mwema na kipando chepesi. Hakutuambia tukae katika dhiki ilhali Mola ametupa wasaa.

Lakini tazameni nyumba zilizojengwa na watu ambao kweli kwao fedha haikuwa kitu. Sultani Barghash bin Said alijenga kasri la Maruhubi, kaskazini ya mji wetu, katika miaka ya 1880. Mwaka 1899 liliteketea kwa moto, na leo zimebaki nguzo na magofu. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, jumba lililopewa jina hilo kwa maajabu yake. Mwezi wa Disemba 2020, mbele ya macho yetu, sehemu yake kubwa iliporomoka. Mafundi wetu wanajua siri ya nyumba hizi za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Haziui jua wala upepo. Huuliwa na maji yanayopenya kidogo kidogo darini, pasipo mtu kuyajali. Boriti huoza ndani kwa ndani huku ukuta nje ukionekana mzima.

Na vyumba vya Mtume wetu pale Madina vilikuwaje? Vilikuwa vya matofali ya udongo na makuti ya mtende. Al-Hasan al-Basri amesimulia kuwa alipokuwa kijana aliingia humo na akaweza kuigusa dari kwa mkono wake. Vilipobomolewa katika zama za Khalifa al-Walid bin Abdulmalik ili kuupanua msikiti, watu wa Madina walilia. Said bin al-Musayyib alitamani lau vingeachwa, ili wajao wavione na wajue kiasi alichotosheka nacho Mtume wao katika dunia. Kasri liliungua, na vyumba vile havipo tena. Lakini ni kipi kati ya viwili hivi kinacholiliwa?

Enyi Waislamu, narejea kwa wanafunzi wangu. Alikuwapo kijana mmoja aliyenyamaza. Wenzake walipomshikilia aseme, alijibu: “Mimi nyumba yoyote, mradi asije mtu kututoa.” Wenziwe wakacheka. Mimi sikuweza kucheka, na nitakuelezeni sababu yake, maana khatibu asiyejihesabu nafsi yake hana haki ya kuwahesabu wengine.

Baba yetu alipofariki alituacha wawili, mimi na dada yangu, na nyumba moja. Kwa hukumu ya Sura ya An-Nisaa, theluthi mbili zilikuwa zangu na theluthi moja yake. Mimi, niliyekuwa nikiwasomesha watu elimu ya mirathi, nilitamani kuongeza ghorofa ili nyumba ifanane na heshima yangu. Nikamwita dada yangu mbele ya jamaa, nikamwomba aniachie fungu lake. Akainamisha kichwa akasema, “Haya, kaka, chukua.” Nikaihesabu kauli ile kuwa ni ridhaa, nami najua kuwa Mtume ametufundisha kwamba mali ya Muislamu si halali ila kwa uradhi wa nafsi yake. Ile haikuwa ridhaa. Ilikuwa ni haya ya mwanamke aliyezungukwa na watu. Nikajenga. Naye kwa miaka mingi akahama kutoka chumba cha kupanga hadi chumba cha kupanga, na kila alipotolewa nilimpelekea mchele, nikajiona mkarimu.

Usiku wa siku ile niliyomsikia kijana yule sikulala. Nikaikumbuka Hadithi ya mtu anayedhulumu shibiri moja ya ardhi, kuwa atavishwa shingoni kiasi chake katika ardhi saba. Asubuhi nikenda kwa dada yangu peke yangu, bila ya jamaa. Nikamwambia, “Dada, fungu lako liko kwangu, na nimekuja kukuuliza walipo wewe na mimi tu.” Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Nilingoja uniulize hivi.” Tumeita watu wakaithamini nyumba, nami namlipa haki yake kidogo kidogo. Bado sijamaliza. Niombeeni Mungu anibakishe hai mpaka nimalize, na nikifa, wanangu wanasikia sasa kuwa hilo ni deni.

Basi kabla hujauliza nyumba ina vyumba vingapi, uliza ardhi yake ni ya nani. Kabla hujanyanyua ukuta, mtazame jirani utakayemzibia upepo. Waarabu husema, jirani kabla ya nyumba. Naye Bibi Asiya, mke wa Firauni, aliyekuwa akikaa katika kasri, alipoomba nyumba Peponi aliomba kwanza iwe kwa Mola wake. Wanavyuoni wamesema, alichagua jirani kabla ya nyumba. Na wewe uliyejaaliwa nyumba ya kupangisha, usimtoe mjane na watoto kwa ghafla. Na ukiwa na zaidi ya haja yako, wazee wa mji huu wametuachia mfano: nyumba ngapi katika Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu, wenyewe wamo makaburini na thawabu zao zingali zikiwafikia?

Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sote tunayo nyumba moja tusiyoichagua, haina roshani wala dirisha. Tuitengeneze hiyo kwa kurejesha haki za watu tungali hai.

Ewe Mola wetu, tupe majumba yenye utulivu, na majirani wema. Uwape makao wasio na makao. Utulipie madeni yetu, na utujaalie kwako nyumba isiyobomoka. Nasema kauli yangu hii, na namtaka Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Amin.