MVUVI, KUSI NA DENI

Hotuba ya mmoja wa waenezi wa chama kwa wanachama na wavuvi, katika mkutano wa tawi, Kunduchi



Sisi waenezi mmezoea kutuona tukisimama hapa kusema habari za kadi, ada na uchaguzi. Leo tutasema habari za bahari. Huenda mtu akajiuliza, bahari na siasa zinahusiana nini? Tunamwomba asubiri kidogo.

Mwezi wa Julai sisi waenezi wawili tuliomba kwenda kuvua pamoja na wavuvi wa pwani hii, kwani haifai kumhubiria mtu juu ya kazi usiyoijua. Ngalawa ilichukua watu wanne: nahodha, mvuvi mwenzake, na sisi wawili. Tuliondoka alfajiri kwa umande. Tukapita kati ya Mbudya na Fungu Yasini, tukatoka nje ya miamba, mahali ambapo maji hugeuka kutoka kijani kuwa buluu. Huko nahodha aliteremsha tanga, chombo kikaachwa kiende na maji, nasi tukashusha mishipi. Kufika saa tatu tulikuwa tumepata changu 12 na kolekole mmoja.

Saa nne kusi ikashika. Ninyi wavuvi hamna haja ya kufundishwa jambo hili, lakini wenzetu wa shamba nao wasikie. Maji yalikuwa ya bamvua, tena yalikuwa yakitoka, na upepo ukaja kupambana nayo. Upepo ukipambana na mkondo, wimbi halilali. Husimama kama ukuta, na la pili huja kabla la kwanza halijakwisha. Ngalawa ni chombo chema, kwa kuwa marengu yake mawili huizuia isipinduke upesi. Lakini ubavu wake ni mfupi, na wimbi likivunja juu yake huingia lote.

Likavunja la kwanza, likavunja la pili. Mvuvi akafua maji kwa ndoo, mmoja wetu akafua kwa kata, mwingine akashika kamba ya demani kama alivyoamriwa. Nahodha akapunguza tanga likabaki nusu. Mara kamba iliyofunga rengu moja ikalegea, na yule mvuvi akatambaa juu ya mti wake kwenda kuikaza, nusu ya mwili wake ikiwa majini. Katika watu wanne hakuna hata mmoja aliyekuwa na jaketi la kujiokolea.

Kurudi Kunduchi kulitaka kupiga bishi, na kila tukigeuza tungelipa wimbi ubavu. Nahodha alitazama mara moja tu, akasema, "Huu hatushindani nao. Tunaupa mgongo." Akageuza, tukaelekea Mbweni. Tulifika pwani saa saba mchana, tumelowa, mishipi miwili imepotea, na samaki wengi wamesombwa. Tulishuka na changu 5.

Ndugu wananchi, hatukuja kujisifia safari hiyo. Wengi wenu mmeona siku mbaya kuliko hiyo, na wapo hapa wajane ambao waume zao hawakufika Mbweni wala pengine popote. Tumekuja kuuliza swali moja. Kwa nini ngalawa ile ilisukumwa majini siku ile?

Nahodha hakuwa mjinga. Usiku uliotangulia redio ilikuwa imetangaza angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa, la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Nahodha alilisikia. Tulipoketi mchangani Mbweni tukamwuliza kwa nini basi hakulala nyumbani, akajibu kwa upole: "Redio inanionya habari za upepo. Deni hainilipii."

Hilo ndilo neno tulilotoka nalo majini. Watu husema mvuvi huenda kwenye kusi kwa sababu ni shujaa, au kwa sababu amezoea. Ushujaa anao. Lakini siku ya angalizo kinachomtoa nyumbani ni deni. Tanga amekopeshwa na tajiri, mishipi na ndoana amekopeshwa, na siku za kukaa bure unga wa nyumbani pia amekopeshwa. Kila siku asiyotoka deni linaongezeka, na akisema hapana, ngalawa atapewa mwingine. Basi nahodha anashika usukani, lakini aliyeamua safari yuko pwani, mkavu.

Sisi tuliopita chuo cha ualimu tumezoea ubao, basi tuchukue ubao. Tuseme samaki wa siku moja wangeuzwa mnadani kwa shilingi 60,000. Kwa kuwa mvuvi ni mdeni, hawapeleki mnadani. Tajiri huwachukua kwa bei yake, tuseme 40,000. Toa gharama 8,000, zinabaki 32,000. Nusu ni ya chombo, na nusu nyingine, 16,000, hugawanywa kwa wavuvi wawili, kila mmoja 8,000. Hapo tajiri hukata 3,000 za deni, na mvuvi huenda nyumbani na 5,000.

Sasa hesabuni kama samaki wangeuzwa mnadani. 60,000 ukitoa 8,000 ni 52,000. Nusu ya wavuvi ni 26,000, yaani 13,000 kwa kila mmoja. Kwa hiyo mvuvi huyu amepoteza 5,000 katika bei hata kabla ya kukatwa deni. Analipa 3,000 mbele ya macho yake, na 5,000 nyuma ya mgongo wake. Tena zile za nyuma ni nyingi kuliko za mbele, na hazipunguzi deni hata senti moja. Mtu wa namna hiyo hawezi kumaliza deni, na asiyeweza kumaliza deni hawezi kukaa nyumbani kusi ikivuma.

Bahari ya Julai si ya mchezo hata kwa chombo kikubwa. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya abiria MV Skagit, yenye injini na iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na Chumbe katika bahari iliyochafuka, na watu wengi wakapotea. Na kazi ya uvuvi peke yake, Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 1999 kwamba inaua watu 24,000 duniani kila mwaka. Kama meli ilishindwa, ngalawa ya mti wa mwembe tunaitakia nini?

Sasa tufike kwenye siasa. TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, katikati ya kusi hii hii. Wazee waliojiunga hawakuwa na mali. Walitoa ada ndogo ndogo, na Uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961. Wakulima nao hawakungoja. Wenye kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Wenye pamba wa Kanda ya Ziwa wakaunganisha vyama vyao mwaka 1955, ili pamba yao isipimwe kwa mizani ya mtu mwingine. Samaki wetu wana tofauti gani na pamba?

Tusifiche upande wa pili. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Watu wengi wamebaki na woga, nao woga huo una sababu yake. Fundisho tunalolipata ni kwamba ushirika ukiwa mikononi mwa wakubwa wa mbali, wakubwa wanaweza kuuchukua siku yoyote. Wetu lazima uwe hapa pwani, mbele ya macho yenu.

Kwa hiyo tunaleta mambo manne, mkiyakubali tuyaanze.

La kwanza, Mfuko wa Siku za Upepo. Kila ngalawa itoe fungu dogo kila siku inaporudi na samaki. Siku ya angalizo, mfuko utoe posho kwa kila mvuvi aliyebaki pwani. Fedha zikizidi, zilipe madeni ya wanachama, mmoja baada ya mwingine, kwa kura.

La pili, samaki wote wa wanachama wauzwe mnadani, hadharani. Deni lilipwe kwa fedha, lisilipwe kwa bei ya samaki.

La tatu, jaketi kwa kila anayepanda chombo, na neno la nahodha liwe la mwisho. Tajiri asimtoe mtu siku ya angalizo.

La nne, daftari. Vijana wetu wanaojua kusoma waandike kila alfajiri nani ametoka, yuko na nani, na anakwenda upande gani. Na jua likikaribia kuzama wahesabu waliorudi. Siku ile tuliyotua Mbweni, Kunduchi hakuna aliyejua kama tuko hai mpaka jioni.

Wapo watakaosema, "Fedha zitaliwa." Ni haki yao kusema. Ndiyo maana sanduku litakuwa na kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, mmoja wao mwanamke, na hesabu itasomwa hapa hapa kila Ijumaa baada ya sala. Asiyeridhika aulize mbele ya wote, naye ajibiwe mbele ya wote.

Wengine watasema tunawachochea watu dhidi ya matajiri. Sivyo. Tajiri mwenye ngalawa naye hupata hasara chombo kikivunjika, na wengine waliwahi kuwa wavuvi. Akitaka kuingia katika ushirika, karibu. Atakuwa na kura moja kama mwingine. Tunachokataa ni mtu mmoja kuwa na amri juu ya uhai wa mwenzake kwa sababu ya gharama ya tanga.

Ndugu wananchi, hatukutawaliwa na wageni ili tukombolewe, kisha mwenzetu atutume majini kama mzigo. Mwezi ujao kusi bado itakuwa inavuma, na redio itatangaza tena. Safari hii tunataka nahodha akisikia, aweze kuzima redio, avute mlango, alale.

Sanduku liko juu ya meza, na katibu ana daftari. Manahodha watangulie kujiandikisha, kisha wavuvi wao, kisha akina mama wanaonunua mnadani. Wanaokubali wanyooshe mikono.

Uhuru na Umoja!