Je, Fedha za Afya za Umma Zilipie Huduma ya Kupunguza Uzito?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi katika semina ya wahudumu wa afya, wainjilisti na viongozi wa diakonia wa Dayosisi)



Mada tuliyopewa ingechekesha watu kama tungeitoa miaka ishirini iliyopita. Wakati ule semina zetu zilihusu malaria, UKIMWI na utapiamlo wa watoto. Mtu akinenepa tulimpongeza kwamba amenawiri. Leo siku ya kliniki ya kisukari na shinikizo la damu foleni inaanza kabla jua halijachomoza, na wengi walio kwenye foleni hiyo wameambiwa neno moja: punguza uzito. Wameambiwa, wakaandikiwa vidonge, wakarudi nyumbani. Namna ya kupunguza hakuna aliyewaonyesha.

Swali letu basi ni hili: huduma ya kumsaidia mtu apunguze uzito ilipiwe na mfuko wa umma, au kila mtu ajitegemee? Halitungoji. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kila huduma inayoingizwa katika kitita cha mafao inalipiwa na wote, yaani mwalimu, mkulima wa kahawa na mama muuza ndizi. Hospitali na zahanati za Kanisa zinahudumia wananchi hao hao, kwa hiyo jambo hili linatuhusu moja kwa moja.

Hali ilivyo nchini

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa asilimia 26 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Wenye shinikizo kubwa la damu walikuwa asilimia 26 hivi, na wenye kisukari asilimia 9. Kwa wanawake wa umri wa kuzaa, utafiti wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 wana uzito uliozidi. Ule wa 2015-16 ulikuta asilimia 28. Serikali iliona hatari hiyo, na Novemba 2019 ilizindua Programu ya Taifa ya kuzuia na kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza.

Tuelewane pia tunaposema huduma ya kupunguza uzito. Hatusemi chai za kukata tumbo zinazouzwa stendi, wala mashine za mazoezi za mjini. Tunasema mpango wenye mtaalamu, mizani, ushauri wa chakula kwa gharama ya mfuko wa mwananchi wa kawaida, mazoezi, na kufuatiliwa kwa miezi mingi.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ni kwamba mnene amejitakia. Hii tunaisikia hata vibarazani kwetu. Lakini mgonjwa wa malaria hatumwulizi kwanza kama alilala ndani ya chandarua. Anayeishi na virusi vya UKIMWI anapewa dawa bure, wala hatumhoji alivipataje. Kama tumekubali hivyo kwa magonjwa hayo, hatuna haki ya kumhukumu mama wa kisukari kwa sababu ya kiuno chake. Tena si kila kitu ni uamuzi wa mtu. Chakula cha bei nafuu na cha haraka mjini ni chipsi, maandazi na soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya haki. Katika utafiti wa 2015-16, wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 42 mjini na asilimia 21 vijijini, na walikuwa wengi zaidi katika kaya zenye uwezo. Je, mkulima asiye na gari achangie kumpunguza uzito mtu wa mjini anayepanda gari hata kwenda dukani? Hoja hii tusiipuuze.

Hoja ya tatu ni ya uwezo. Zipo zahanati ambazo dawa za shinikizo la damu huisha kabla ya mwezi kwisha. Fedha ikiwa kidogo, aliyekwisha kuugua huja kwanza. Na wengine huongeza kwamba uzito unaopungua hurudi, kwa hiyo fedha hupotea.

Wenzetu wamejifunza nini

Uingereza ina huduma ya afya inayolipiwa kwa kodi tangu mwaka 1948, na swali hili wameligombania kwa muda mrefu. Madaktari wao wamekuwa wakiwapeleka wagonjwa katika vikundi vya kila wiki vya kupimana na kushauriana, gharama zikilipwa na umma. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu 1,267. Waliopewa ushauri mfupi na kijitabu walipungua kilo 3 hivi kwa mwaka. Waliolipiwa kikundi kwa wiki 12 walipungua karibu kilo 5, na waliolipiwa kwa wiki 52 karibu kilo 7. Baada ya miaka miwili wote walikuwa wamerudisha sehemu ya uzito, lakini wale wa wiki 52 walibaki wamepungua zaidi ya kilo 4. Basi ni kweli uzito hurudi, ila hurudi kidogo zaidi kwa aliyeshikwa mkono muda mrefu.

Mwaka huo huo ulitoka utafiti mwingine, uliofanyika Scotland na kaskazini mwa Uingereza, kwa watu wenye kisukari cha ukubwani kisichozidi miaka sita. Walipewa chakula maalumu cha nguvu ndogo kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakafuatiliwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 hawakuwa tena na sukari ya kiwango cha kisukari, bila dawa, ambapo kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 4 tu. Matokeo hayo ndiyo yaliyoifanya serikali yao ianze kulipia mpango huo kwa wagonjwa wa kisukari.

Marekani nako, utafiti wa mwaka 2002 uliwahusu watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Lengo lilikuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Waliofuata mpango huo walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin walipunguza kwa asilimia 31. Tangu Aprili 2018 bima ya umma ya wazee nchini humo inalipia mpango wa namna hiyo.

Sasa zimekuja sindano za kupunguza uzito. Zina nguvu, lakini ni ghali, na utafiti umeonyesha kwamba walioacha dawa ya semaglutide walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja. Hata Uingereza yenye uwezo, ilipoanza kutoa tirzepatide katika ngazi ya msingi Juni 2025, ilianza na wenye unene mkubwa sana pamoja na magonjwa mengine kadhaa. Kama wao wamepanga foleni, sisi tusijidanganye kwamba tutaanzia hapo.

Msimamo wetu

Baada ya kupima pande zote, tunasema ndiyo, fedha za umma zilipie, kwa masharti matatu.

Kwanza, kigezo kiwe ugonjwa au hatari ya ugonjwa. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au sukari iliyoanza kupanda aingizwe, awe wa mjini au wa kijijini, tajiri au maskini. Anayetaka kupungua kwa ajili ya sare ya harusi ajilipie. Hapo hoja ya haki inapata jibu, maana fedha ya mkulima inamfuata mgonjwa, na siku akiugua yeye itamfuata yeye.

Pili, kinacholipiwa kiwe kikundi cha muda mrefu kilicho karibu na mtu. Kinahitaji mizani, futi ya kupimia kiuno, saa moja ya muuguzi na chumba. Mashine ya kusafisha figo na kitanda cha mtu aliyekatwa mguu kwa kisukari ni gharama ya namna nyingine kabisa, na gharama hiyo mfuko utailipa au familia itauza shamba.

Tatu, huduma hii isichukue shilingi ya insulini wala ya vidonge vya shinikizo. Iwe nyongeza ya matibabu. Mahali ambapo dawa za msingi hazipo, dawa zije kwanza.

Hofu ya kukonda

Kuna jambo ambalo tafiti za Ulaya hazitatufundisha. Kwetu kukonda kuna jina baya. Katika miaka ya tisini tulizika vijana waliokonda, na tangu hapo mtu akipungua majirani hunong'ona. Tumekutana na akina mama walioanza vizuri, wakapungua kilo tano, kisha wakaacha kwa sababu maneno yamewafika. Wengine wameogopa waume zao wataonekana hawawalishi. Mpango wowote utakaolipiwa bila kugusa hofu hii utapoteza fedha. Ndiyo maana tunapendelea vikundi: mtu akipungua pamoja na wenzake kumi wanaojulikana, hana cha kueleza.

Tunayopendekeza

1. Kila zahanati yetu yenye kliniki ya kisukari ianzishe kikundi kimoja, kikutane kila wiki kwa mwaka mzima, na kumbukumbu za uzito na sukari ziandikwe. Tukienda mbele ya wenye mfuko wa bima, twende na daftari mkononi.

2. Wahudumu wa majumbani waliokuwa wakiwatembelea wagonjwa wa UKIMWI wafundishwe kazi hii. Milango wanaijua na wanaaminika.

3. Wainjilisti na wazee wa sharika waseme waziwazi kwamba kupungua kwa ushauri wa daktari ni kujitunza. Neno lao litanyamazisha mengi.

4. Semina zetu wenyewe zitoe maji na matunda badala ya soda na maandazi. Tumeona leo asubuhi kreti mbili mlangoni, na chai bado.

Ndugu wajumbe, mfuko wa umma ni kama debe la mahindi la kijiji. Ukichota ovyo, njaa itakukuta Machi. Ukikataa kuchota wakati mwenzako anadhoofika, debe halikuwa na maana. Tunaomba mjadala wa alasiri uanzie kwenye yale masharti matatu, na kila zahanati iondoke hapa na jina la muuguzi mmoja atakayeanza.