Daftari la maji: maneno ya kikundi cha maji kwenye mkutano mkuu, Baraka

Siye wa kikundi cha maji tumepewa dakika kumi tu. Tutaanza na jambo la aibu, afadhali mlisikie kwetu wenyewe.

Msimu wa mvua uliopita, daftari letu la robine lilionyesha klorini 0.5 kila siku, asubuhi na jioni. Wafadhili walipata ile karatasi, wakafurahi. Lakini maji hayaendi hivyo! Mvua ikinyesha kule milimani, Mutambala unashuka mwekundu, na matope yanakula klorini. Hesabu ilipaswa kupanda na kushuka. Tulipofuatilia tukakuta siku ambazo pompi ilikuwa imekufa, hakuna hata tone, na daftari bado linasema 0.5. Mwenzetu alikuwa anaandikia nyumbani. Vidonge vya kupimia vilikwisha, naye aliona haya kusema. Hatutamtaja. Kosa ni letu sote, kwa sababu hakuna aliyemuuliza vimebaki vingapi.

Mtu atasema, wandugu, ni namba tu, kuna ubaya gani? Ubaya upo. Wengi wetu tulirudi kwa meli kutoka Kigoma, tangu 2005. Kule Lugufu na Nyarugusu tulizoea maji ya robine yenye dawa, tukawa tunalalamikia ile harufu. Kufika huku, ziwa lile pale, safi kabisa, unaona mawe chini. Tukateka, tukanywa, na kipindupindu kikatupokea. Jicho halioni mdudu. Na tangu 2020, ziwa lilipopanda likaingia mpaka kwenye vyoo vya watu wa kando, mambo yamezidi. Mkumbuke pia kwamba Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, na sehemu kubwa ya maji yake yanaondoka kwa jua. Uchafu tunaoumwaga leo hauna haraka ya kwenda.

Mwezi huu tulifanya jaribio mbele ya mama wa soko. Chupa mbili ndogo zenye dawa ya kuonyesha kinyesi: moja ya robine, moja ya ziwa, pale tunapofulia. Tuliziacha mahali pa joto siku mbili. Ya robine haikubadilika. Ya ziwa ilikuwa nyeusi kama makaa, na ndiyo iliyokuwa inang'aa kuliko nyingine tulipoiteka! Mama mmoja alinyamaza, halafu akauliza, “Na ile niliyopikia uji asubuhi?” Hatukuwa na la kumjibu zaidi ya kumwambia uji umechemka.

Basi tumebadilisha kazi. Kupima kunafanyika kwenye robine, mbele ya mama wawili waliokuja na bido zao. Kidonge kinatiwa, maji yanageuka waridi, na wao ndio wanaosoma rangi kabla yetu. Tunataka kati ya 0.2 na 0.5. Mvua ikinyesha tunaanza na ule mrija mrefu wa matope: unatia maji polepole ukiangalia kutoka juu mpaka alama ya chini ipotee. Yakizidi 5, tunasema wazi kwamba dawa peke yake haitoshi, yatuame kwanza, yachujwe. Na siku ambayo hatukupima, tunaandika “hatukupima”. Daftari la sasa lina mapengo mengi, wafadhili wataliona. Tunawaomba wasiogope mapengo. Waogope ile 0.5 ya kila siku.

Sasa pesa. Robine mpya inapata kibao chenye jina la aliyeijenga, na picha. Kidonge cha kupimia hakina kibao, kinayeyuka kwenye maji, kimekwisha. Ndiyo maana tunakosa vidonge na si simenti. Tunaomba sehemu ya mchango wa kila mwezi iwekwe kwa ajili ya vidonge tu, isiguswe hata kwa msiba, na komite ihesabu boksi kila mwisho wa mwezi. Tunajua neno hilo la msiba ni gumu, tumelibishana wenyewe mpaka usiku. Tunaliacha kwenu mlipigie kura leo.

Jumamosi saa moja asubuhi tunapima Mutambala. Anayetaka kuja alete chupa iliyochemshwa, na asiishike mdomoni.