GARI LISILO NA PEDELI YA KLACHI: PETROLI YAENDA WAPI?

Ndugu wanachama,

Sisi ni watu wa reli, lakini wengi wetu twaendesha magari ya kazi, na mengi hubadili gia yenyewe. Mwenzetu mmoja alikatwa mshahara, akidaiwa kuiba petroli. Basi na tujue petroli huenda wapi.

Katika magari haya, kati ya injini na giaboksi pana chombo chenye oili, ambacho mafundi hukiita toki konvata. Fikirini feni mbili zinazotazamana. Moja ikizunguka, upepo wake huizungusha ya pili, lakini ya pili hubaki nyuma kidogo. Hapo nguvu hupotea ikawa joto tu.

Mwaka 1949 kampuni ya Packard ya Marekani ilitia klachi ndani ya chombo hicho. Gari likishika mwendo, klachi huzifunga pande mbili zikaenda pamoja, kama mabehewa yaliyofungwa sawasawa. Ikifunga mapema mno, gari hutetemeka. Ikichelewa, petroli hupotea. Siku hizi kompyuta ndiyo ichaguayo wakati, na gia zimeongezwa, nyingine hufika 8 hata 10, ili injini izunguke polepole.

Na sisi tufanye nini?

Kwanza, tukanyage mafuta kwa upole, gia zipande mapema.

Pili, oili ya giaboksi iwe ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Oili ikichakaa, klachi huteleza.

Tatu, tusitie "free" mteremkoni. Katika magari ya siku hizi, ukiondoa mguu gia ikiwa D, kwa kawaida petroli hukatwa. Ukitia N, injini hunywa ili isizimike, nayo haikusaidii tena kushika gari; breki peke yake hupata moto. Wapitao Salgaa wajua hatari ya mteremko ule.

Gari la mwenzetu lilipofunguliwa, oili ilikuwa nyeusi na klachi haishiki. Mwizi alikuwa giaboksi! Lakini fedha zake hazijarudi.

Kwa hiyo twataka hivi: kabla ya mtu kukatwa hata senti moja, fundi alipime gari, na siku ya kubadili oili ionyeshwe kwa maandishi. Nanyi, ndugu, andikeni kila siku kilomita na lita. Asiye na maandishi hana shahidi.

Umoja ni nguvu.