MTOTO WETU AMEMALIZA SHERIA, SASA ANATAKA KESI ZA MITO

Maneno tuliyozungumza na vikundi vya kujisaidia vya wakulima wadogo wa chai, Litein, Kaunti ya Kericho



Tunawashukuru kwa kuacha majani chai leo. Tunajua lori la kubeba chai halimngojei mtu, na wengine wenu mmewaachia jirani vikapu ili mfike hapa. Tulikuwa tumepanga kuzungumza juu ya vitabu vya hesabu. Vitabu vitangoja, kwa sababu kuna neno linanong'onwa katika vikundi viwili vya huku, nasi tunaona ni afadhali lisemwe mbele ya watu.

Mnamkumbuka binti tuliyemchangia karo. Wengine waliuza ndama, wengine walikatwa bonasi ya chai miaka miwili mfululizo. Amesoma sheria, amemaliza na mitihani, anangoja kuapishwa. Kuna ofisi ya mawakili Nairobi iliyo tayari kumwajiri aandike mikataba ya mashamba na mikopo ya benki. Yeye anasema hapana. Anataka kesi za mazingira, za mito na misitu na moshi wa viwanda, kwa niaba ya watu wasio na pesa ya wakili. Mama yake alikuja ofisini kwetu akalia. Alituuliza: je, nimelisha mtu miaka yote hiyo ili akawe wakili wa miti?

Kusema kweli, siku ile tulimwunga mama mkono. Tulimwambia binti achukue kazi ya Nairobi, mito haitahama. Yeye hakubishana nasi. Alituuliza tu kama tumesahau yale machimbo.

Hatujasahau. Wale wa upande wa juu mnajua tunasema nini. Mtu alipewa leseni ya kuchimba mawe juu ya chemchemi ambayo kikundi cha akina mama kilikuwa kimeijengea kwa saruji na kuitilia bomba. Tulisikia habari za leseni mapema. Tukaandika barua kwa chifu, tukaandika kwa mwakilishi wa wadi, tukafanya mikutano, tukaambiwa tuwe na subira. Tulikuwa na subira. Tulipompata wakili mwishowe alituuliza swali moja: leseni ilitolewa tarehe ngapi? Akahesabu kwa vidole, akafunga faili. Sheria inatoa siku 60 za kukata rufaa mbele ya jopo la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira. Sisi tulikuwa tumepita mwezi wa nne. Maji ya ile chemchemi leo yanatoka kama chai ya maziwa, na wasichana wanateremka hadi mtoni. Hilo ni kosa letu sisi wahudumu, kwa sababu nyinyi mlituuliza njia nasi hatukuijua. Kama wakati ule tungekuwa na mtoto mmoja tu aliyesomea sheria hii na anayepokea simu yetu, tungejua siku ya kwanza.

Sasa tueleze kazi yenyewe, maana wengi wanafikiri haipo.

Zamani ilikuwa ngumu kweli. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park. Mahakama ilikataa kesi yake kwa kuwa hakuonyesha hasara iliyompata yeye mwenyewe. Yaani bustani ya watu wote haikuwa na mtu wa kuitetea. Jumba halikujengwa, lakini lilizuiwa na kelele za watu na wakopeshaji kujiondoa. Sheria haikulizuia.

Mlango ulianza kufunguliwa na sheria ya mazingira ya mwaka 1999, ile iliyoleta NEMA. Halafu ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Na kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kuanzisha kesi ya kudai haki hizo. Tafadhali kumbukeni hapo, kwa sababu kila mkutano mtu husimama na kusema mahakama ni ya matajiri. Gharama zipo, za nauli, za wataalamu, za karatasi, wala hatuwadanganyi. Lakini mlango wenyewe haulipiwi. Tuna hata Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, nayo inakaa hapa Kericho mjini. Kutoka Litein ni nauli ya matatu moja.

Njia ya kijana ni hii. Digrii ya sheria ni miaka 4. Baada ya hapo anakwenda Kenya School of Law, anasoma, anafanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, na anakaa miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mwenye uzoefu wa miaka 5 au zaidi. Ndipo anaapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake linaandikwa katika orodha ya mawakili.

Hiyo miezi 6 ndipo wengi wetu huwapoteza watoto. Mwanagenzi hulipwa kidogo, na mahali pengine halipwi kitu. Anahitaji chumba, nauli, suti moja nyeusi. Kijijini sisi tunasema, si amemaliza chuo? Sherehe tumeshafanya, mbuzi tumeshamla, basi atume pesa nyumbani! Kijana anaona haya kuomba, anakwenda kwa ofisi yoyote inayolipa, na kile alichojifunza huko ndicho anachoendelea nacho maisha yake yote. Anayetaka kesi za mazingira ni vizuri afanye uanagenzi mahali zinapofanywa, penye wakili aliyewahi kusimama mbele ya jopo au mbele ya ile Mahakama ya Mazingira. Kituo cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973, ni mfano mmoja wa mahali pa kutetea wanyonge, na yako mashirika mengine Nairobi, Mombasa na kwingineko. Wengine huanzia NEMA, au ofisi za sheria za kaunti. Wengine hukaa katika ofisi ya kawaida, mchana wanaandika mikataba ya kulipa kodi ya nyumba, na kesi moja ya kijiji wanaibeba bila malipo. Hiyo nayo si aibu. Tulipomwambia binti hivyo alicheka, akasema hiyo ndiyo njia yake ya pili ikiwa ya kwanza itamshinda.

Je, kesi hizi huisha? Mama mmoja alituuliza hivyo, na ni swali la haki.

Huisha, lakini si upesi. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga sumu ya risasi katikati ya nyumba za watu. Aliyeanza kelele, Phyllis Omido, hakuwa wakili. Alikuwa mfanyakazi wa hapo, na mtoto wake mwenyewe aliugua. Kesi ilifunguliwa mwaka 2016. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaivuruga hukumu hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni miaka wenyewe. Mawakili waliobeba faili hilo walihitaji watu wa kijiji ambao hawakuchoka kutoa ushahidi.

Hapa karibu nasi, katika Mau, Waogiek walikataliwa na Mahakama Kuu mwaka 2000 katika kesi ya msitu wa Tinet. Baadaye shauri la Mau lilipelekwa mbele ya vyombo vya Afrika mwaka 2009, likafika Mahakama ya Afrika kule Arusha, na mwaka 2017 wakashinda. Mwaka 2022 mahakama hiyo iliagiza walipwe shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa mateso. Hata hivyo mwaka 2023 wengine waliondolewa tena msituni. Tunajua jambo la Mau linaweza kuvunja mkutano huu, kila mtu ana ndugu yake upande mmoja, kwa hiyo hatuingii huko leo. Tunalitaja ili mjue kwamba wakili wa namna hii anaweza kushinda kesi na asubuhi yake bado ana kazi.

Kwa sababu hiyo hatumwambii mama yule kwamba binti yake atatajirika. Mishahara ya mashirika haya hutegemea wafadhili, na mkataba huwa wa mwaka mmoja au miwili. Tunachosema ni kwamba kazi ipo, ni kazi ya heshima, na huku kwetu inahitajika. Tazameni wenyewe: mikaratusi imepandwa hadi ukingoni mwa mito, maji machafu yanatiririka kutoka miji yetu kuingia Nyangores na Kipsonoi, ardhi oevu zinalimwa. Nani anajua tarehe za leseni? Nani ameomba ripoti ya athari kwa mazingira akaisoma?

Yule wakili aliyefunga faili letu alituambia neno lingine ambalo tulikasirika nalo wakati huo. Alisema hata kama tungefika ndani ya siku 60, hatukuwa na kitu mkononi. Hakuna picha ya chemchemi ilivyokuwa. Hakuna maji yaliyopelekwa maabara. Kitabu cha kumbukumbu cha kikundi kilikuwa na majina ya waliochelewa na faini zao, lakini hakuna mstari hata mmoja juu ya siku maji yalipoanza kubadilika rangi. Kogo mmoja alikuwa anaikumbuka siku hiyo vizuri kabisa, maana ilikuwa siku ya kutahiriwa kwa wajukuu wake, lakini hakuna aliyemwuliza wala kuandika.

Basi tumekubaliana na binti hivi. Atakapoapishwa atajaribu nafasi ya mkataba wa mwaka mmoja katika shirika la kutetea mazingira, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi atakuja hapa, atakaa chini ya ule mti wa soko, asome barua na leseni mnazomletea. Hatatoza kitu. Nyinyi mtamlipia nauli ya kuja na kurudi. Tumeuliza mweka hazina wa kila kikundi, na vikundi 5 vimesema vitaweza, kwa zamu. Kimoja kimesema kitafikiri baada ya bonasi, nasi tunawaelewa.

Mama yake yuko hapa, ameketi pale nyuma. Hajakubali bado. Amesema atakuja ile Jumamosi ya kwanza aone ni watu wangapi watakaofika na karatasi mkononi.